Kupata omu na wati kwa kupima volti na ampea

Ukiwa na multimeta (kifaa cha kupimia umeme) na kikokotoo cha simu, unaweza kujua ukinzani wa kifaa (omu) na nguvu inayokula (wati). Hesabu yenyewe ni mistari miwili:

omu = volti ÷ ampea
wati = volti × ampea

Mstari wa kwanza unatokana na kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Fomula nyingine unazoziona, kama wati = ampea × ampea × omu, ni hiyo mistari miwili imechanganywa. Majibu huharibika mapema zaidi, pale ncha za multimeta zinapowekwa pasipo mahali pake. Mfano wetu ni balbu ya filamenti ya volti 12, wati 21, inayowashwa kwa betri.

Hatua ya 1: pima ampea. Mkondo lazima upite ndani ya multimeta. Zima, chomoa waya mmoja wa balbu, kisha ingiza multimeta kati ya waya huo na balbu. Waya mwekundu wa kupimia uweke kwenye tundu la 10 A. Tunatarajia 21 ÷ 12, yaani ampea 1.75, na tundu la mA kwenye multimeta nyingi huishia miliampea mia chache tu (miliampea 1000 ni ampea 1). Washa, usome. Tuseme imeonyesha 1.72.

Hatua ya 2: rudisha waya mwekundu kwenye tundu la V kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Hapa ndipo fyuzi nyingi za multimeta hukatikia. Kwenye tundu la ampea multimeta haina tofauti na kipande cha waya, kwa hiyo ukiigusisha chanya na hasi ya betri umepiga shoti. Na tundu la 10 A la baadhi ya multimeta za bei ndogo halina fyuzi kabisa, hivyo kinachoungua ni multimeta yenyewe.

Hatua ya 3: zima, rudishia waya uliouchomoa kwenye balbu, washa tena, kisha pima volti balbu ikiwa inawaka, ncha zikiwa kwenye miguu ya balbu. Tuseme ni 11.8.

Hatua ya 4: piga hesabu.
11.8 ÷ 1.72 = omu 6.86
11.8 × 1.72 = wati 20.3

Sasa hamishia ncha kwenye betri, balbu ikiendelea kuwaka. Tuseme unapata 12.3. Nusu volti imepotelea njiani: kwenye waya, swichi na viungo. 0.5 ÷ 1.72 ni omu 0.29, na 0.5 × 1.72 ni wati 0.86 za joto. Zikitawanyika kwenye mita kadhaa za waya hutazihisi. Zikikusanyika kwenye kiungo kimoja chenye kutu, kiungo hicho kitakuwa cha moto kwenye kidole. Ili kukipata, weka ncha moja kila upande wa kila kiungo, kimoja kimoja. Kibovu ndicho kinachoonyesha volti nyingi kuliko vingine.

Umeme wa nyumbani usiukatie waya kwa zoezi hili. Tumia namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, nimeizima balbu nikaipima kwa upande wa omu, imeonyesha chini ya omu 1. Hesabu inasema karibu 7. Nani mwongo?

Jibu: Hakuna. Filamenti ni ya tangsteni, na ukinzani wake hupanda mara kumi au zaidi inapowaka. Multimeta imeipima ikiwa baridi. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale pale unapowasha: mkondo wa mwanzo ni mkubwa mno.

Swali: Nimepima rezista (kile kipande cha kupunguza mkondo): volti 9, mkondo 20. Napata omu 0.45, lakini rangi zake zinasoma 470.

Jibu: Hiyo 20 ni miliampea. Igeuze kwanza: 0.020. 9 ÷ 0.020 = omu 450. Rezista ya 470 inayoruhusiwa kupotoka asilimia 5 inaweza kuwa kati ya 446.5 na 493.5, kwa hiyo ni nzima.

Swali: Nataka kuwasha LED nyekundu moja kwa volti 12. Rezista gani, na ya wati ngapi?

Jibu: LED nyekundu huchukua takriban volti 2, rezista inabeba 10. Kwa miliampea 15: 10 ÷ 0.015 = omu 667; chukua 680. Nguvu yake ni 10 × 10 ÷ 680, karibu wati 0.15. Ya robo wati itavumilia, ila itapata moto. Mimi huchukua yenye wati mara mbili ya hesabu, kwa hiyo hapa weka ya nusu wati.

Swali: Birika la wati 2000 linachelewa kuchemsha umeme ukiwa mdogo. Volti zimeshuka kidogo tu, mbona linachelewa hivyo?

Jibu: Volti zikishuka, ampea nazo hushuka. Kwa volti 230 birika hilo lina omu 26.45 (230 × 230 ÷ 2000). Zikifika 200: 200 × 200 ÷ 26.45 = wati 1512. Volti zimepungua asilimia 13, nguvu imepungua asilimia 24.

Swali: Feni yangu imeandikwa 230 V, 0.5 A, 75 W. Nikizidisha napata 115.

Jibu: Hiyo 115 ni volti-ampea. Mota ina koili, na kwenye umeme wa AC mkondo wa koili huchelewa nyuma ya volti, hivyo sehemu yake hurudi bila kufanya kazi. 75 ÷ 115 = 0.65, ndiyo pawa fakta ya feni hiyo, yaani sehemu ya volti-ampea inayofanya kazi kweli. Pia 230 ÷ 0.5 haikupi omu za waya wa koili. Hizo zipime feni ikiwa imechomolewa, nazo zitakuwa chache zaidi.