Namna ya Kuandikiana Barua na Mwandishi Unayemhusudu

Kabla ya kumwandikia, kisome tena kitabu chake, penseli mkononi. Weka alama pembeni kila unaposimama. Ukimaliza, rudi kwenye alama zote uchague mahali pamoja tu, unakili sentensi yenyewe neno kwa neno pamoja na namba ya ukurasa. Barua nzima itasimama juu ya sentensi hiyo. Anayeambiwa "kitabu chako kizuri mno" hana la kujibu ila asante, na mawasiliano hufia hapo. Lakini muulize: "Ukurasa wa 84 mama anazima taa kabla hajaisoma telegramu. Taa hiyo ilikuwamo tangu rasimu ya kwanza?" Swali la namna hiyo humwasha mwandishi yeyote.

Barua ya kwanza isizidi maneno 250. Mtaje kwa jina kamili, eleza mahali ulipopachagua na palivyokugusa, jitambulishe kwa sentensi mbili, uliza swali moja, funga. Usiambatishe mswada wako, wala usiombe dibaji au kujulishwa kwa mchapishaji wake. Ombi likiingia tu, sifa zote zilizotangulia hugeuka kilemba cha ukoka. Kama naye amewahi kuisifu kazi yako, mshukuru kwa sentensi moja, kisha rudi kwenye kazi yake. Usipokuwa na anwani, tuma kupitia mchapishaji, na usubiri hadi miezi mitatu, maana barua hizo hupita mikono mingi. Kumbusha mara moja tu, basi.

Mkishazoeana huja hatari nyingine, nayo ndiyo huua mawasiliano mengi: kurudishiana sifa. Barua tatu mfululizo zisizo na neno hata moja la kupinga ni dalili mbaya. Ila usikosoe hadi uombwe. Mwaka 1898 mwandishi wa Kirusi Maxim Gorky alimwomba mwandishi mwenzake Anton Chekhov maoni juu ya hadithi alizoandika Gorky. Chekhov alitangulia kukiri kipaji chake, kisha akamwambia Gorky kwamba hajizuii anapoandika. Mwaka uliofuata, 1899, akamshauri afute vivumishi na vielezi kadiri awezavyo, na hakuishia kwenye ushauri: aliweka sentensi mbili bega kwa bega. Moja inasema tu kwamba mtu aliketi majanini. Nyingine inamtwika mtu yuleyule kimo, kifua chembamba, ndevu nyekundu, majani yaliyokwisha kukanyagwa na macho ya woga, hata msomaji akachoka kabla mtu hajaketi. Fuateni njia hiyo. Onyesha sentensi, eleza msomaji anakwama wapi na kwa nini, halafu mwachie mwenyewe. Ukimwandikia upya, sauti itakuwa yako, naye atakosa la kufanya ila kukubali au kuudhika.

Mkianza kubadilishana miswada, kurasa 10 hadi 20 kwa mara moja zinatosha. Andika juu yake unataka zisomwe kwa jicho gani, mwendo wa hadithi au mazungumzo, na unahitaji jibu lini. Mswada mzima uliotumwa bila maelezo hukaa mezani hadi aibu ya kuchelewa ikamzuia mwenzako hata kukusalimu. Mkigundua mnaandika juu ya jambo lile lile, ambianeni mapema, kabla hajatokea wa kudhani ameibiwa. Na ukiombwa kukihakiki kitabu chake, au kuwa jaji wa tuzo anayoshindania, utaje urafiki wenu na ujitoe.

Kila barua iwe na tarehe kamili, mwaka ukiwamo, nawe ubaki na nakala. Kwa kawaida karatasi huwa ya aliyeipokea, lakini hakimiliki ya maneno hubaki kwa aliyeyaandika, hivyo usichapishe barua zake bila idhini yake ya maandishi.

Akinyamaza ghafla, huenda yumo katikati ya kitabu. Mtumie kadi ya mistari miwili isiyo na swali, uandike chini: "Hii haihitaji jibu."