Jinsi ya kutoa sadaka kwa miungu ukiwa unaishi chumba kimoja (somo na maswali)

Sawa jamani, hii kitu nimeulizwa mara nyingi. Wengi wenu mmeanza kuabudu miungu wa Wagiriki na mnadhani lazima uwe na madhabahu ya mawe na divai ya bei. Hapana. Mimi niko Nakuru, Section 58, bedsita kwa ploti yenye majirani kila upande, na kila asubuhi natoa. Nawaandikia vile mimi hufanya, na pale nilikosea nitasema ndio wewe usirudie.

Kwanza ujue sadaka si hongo. Wagiriki wako na neno kharis, ule wema wa kupeana unaoenda ukirudi mpaka mnazoeana, kama vile jirani anakuletea kunde kwa bakuli na wewe huwezi rudisha hiyo bakuli ikiwa tupu. Hakuna anayehesabu. Lakini ukimkumbuka Hermes, mungu wa wasafiri na biashara, siku ya intavyu peke yake halafu unapotea miezi sita, hebu fikiria mtu wa hivyo akibisha kwako.

1. Mahali. Kona ya meza, rafu, hata juu ya kabati. Yangu ni kibao karibu na jiko kwa sababu Hestia ni mungu wa meko, na jina lake lenyewe kwa Kigiriki ndio hilo, meko. Futa vumbi, weka mshumaa, basi.

2. Kunawa. Weka maji safi kwa bakuli, washa kijiti kikavu, kikishika moto vizuri unakizamisha ndani ya maji, kinalia tsss na kamoshi kanapanda. Hayo maji yanaitwa khernips. Nawa mikono na uso, nyunyiza kidogo pale kwa sadaka. Hii usiruke hata kama umechelewa kazi, na kama umetoka matangani oga kwanza, kwa sababu kifo ni moja ya vitu walisema vinamwachia mtu uchafu wa kiroho, wanauita miasma.

3. Shayiri. Zamani walirusha punje za shayiri kwa madhabahu kabla ya kutoa. Sisi wa Nakuru tuna bahati, inalimwa hapo Mau Narok. Ukikosa, mimi naona mtama uko sawa.

4. Kuita. Hestia anaanza, hata kama umekuja kwa mwingine, na ukimaliza unamrudia. Halafu mwite unayemtaka kwa jina na sifa zake, Demeter mpaji wa nafaka, Hermes mlinzi wa wasafiri. Kwa sauti, na kwa lugha yako, Kiswahili, Dholuo, Kikuyu, yoyote. Viganja juu kwa miungu wa mbinguni, chini kwa wale wa ardhini.

5. Kumwaga. Hapa ndio moyo wa mambo so usiharakishe. Shika kikombe kwa mikono miwili, sema unampa nani na kwa nini, halafu mimina pole pole kwa bakuli lake. Ile ya kwanza ni yake, inayobaki kunywa wewe. Divai wao walichanganya na maji. Maziwa ni sawa, asali pia, mimi hupenda ya Baringo ile nyeusi nyeusi, inashuka kama uzi na inakulazimisha usimame hapo utulie mpaka imalizike.

Ubani nanunua kwa maduka ya Wasomali. Mara ya kwanza niliweka kaa la moto kwa sahani ya glasi, ikapasuka katikati ya maombi na kaa likaanguka kwa kapeti. Tumia kibakuli cha udongo chenye mchanga. Na tafadhali FUNGUA DIRISHA, hewa ya makaa inaua na haina harufu.

6. Baada. Chakula cha miungu wa mbinguni unaweza kula nao. Hadithi inasema Prometheus, yule Titani mjanja aliyependelea watu, aligawa ng'ombe, watu wakabaki na nyama na miungu wakapata mifupa na mafuta, na mahali penyewe paliitwa Mekone (mimi kila nikisoma nasikia mekoni). Cha wa ardhini na wafu usionje, mwaga chote kwa udongo.

MASWALI

Swali, Kisumu: Dada, chakula cha Hekate, yule mungu wa usiku na njia panda, si kinawekwa njia panda mwezi ukiisha? Huku Manyatta nitaweka wapi?

Jibu: Usiweke njia panda, nakuomba. Kwao Ugiriki ilikuwa desturi inayojulikana, huku kwetu mtu akikuta mayai na vitunguu saumu njiani usiku atasema ni uchawi, na unajua watu wameuawa kwa neno hilo tu. Chimba kashimo karibu na geti, zika hapo, ondoka bila kuangalia nyuma. Halafu mwezi ukiandama, safisha rafu uanze upya.

Swali, Bungoma: Babu yangu alikuwa anamwagia wazee busaa kabla anywe. Si ni kitu moja?

Jibu: Mkono ni ule ule, anayeitwa ni tofauti. Usiwachanganye kwa kikombe kimoja. Na kama kuna mzee bado anajua maneno ya babu, nenda umuulize mwezi huu, hiyo ni yako kabla ya hii yangu.

Swali, Free Area: Sina pesa kabisa.

Jibu: Maji. Januari nilitoa maji matupu wiki mbili.

Swali, Kakamega: Niliomba kazi nikatoa divai na sikupata. Nilikosea wapi?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Pengine hukukosea popote. Mungu anaweza kukataa, sadaka haimfungi. Endelea na kidogo kidogo, usiongeze divai ukidhani bei ndio ilikuwa shida.

Swali, Kisumu: Naishi kwa mama na yeye ni wa maombi sana, nitatoaje?

Jibu: Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakulinda, lakini nyumba ni ya mama na heshima ni yake. Wewe ukisonga ugali, tonge la kwanza dogo weka kando ya jiko na useme jina la Hestia kimoyomoyo. Asubuhi wape kuku.