Wakikubana wakitaka bitcoin zako

Kidole changu mwenyewe ndicho kilichowafungulia. Nilikuwa nimefunga kibanda changu Likoni, Mombasa, saa tatu usiku, vijana wawili wakanibana ukutani. Mmoja akanishika mkono, akakibandika kidole gumba changu kwenye simu yangu, akaenda moja kwa moja kwenye pochi, yaani programu ninayowekea bitcoin, sarafu za kidijitali. Hakupapasa. Mchana ule nilikuwa nimemwonyesha mteja salio langu mbele za watu.

Tangu siku hiyo simu yangu hubeba kiasi ambacho ningetembea nacho mfukoni kwa noti. Anza na hilo leo. Akiba yako ihamishie kwenye kifaa cha kutunza funguo, zile siri zinazoruhusu bitcoin zako kutolewa, kile kidogo kama flashi, na usitembee nacho.

Halafu funga mdomo. Usirushe skrinshoti ya salio, usivae fulana yenye nembo ya bitcoin, na ukiagiza kifaa usiletewe hadi mlangoni. Mwaka 2020 majina, namba za simu na anwani za wateja wapatao 272,000 wa Ledger, wanaouza vifaa hivi, zilivuja. Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyohiyo, alitekwa nyumbani kwake Ufaransa, akakatwa kidole, watekaji wakidai kikombozi cha sarafu hizo.

Sasa kazi yenyewe. Vifaa vingi hukupa maneno 24 ya siri, ambayo ndiyo nakala ya funguo zako. Hayo peke yake yafungue pochi ya pesa za kumtolea jambazi, na ziwe za kuaminika. Jambazi akikuta shilingi mia mbili atakuumiza zaidi. Kisha tunga neno la 25. Hilo hufungua pochi nyingine kabisa, na anayeona maneno 24 hana cha kumwonyesha kwamba ipo. Liandike, ulifiche mbali na yale mengine. Ukikosea hata herufi moja kifaa hakitakukatalia, kitafungua pochi tupu, na ukilisahau hakuna wa kukurejeshea. Kwa hiyo weka pesa kidogo kwanza, futa kifaa, kirudishe kwa maneno yako, uone kama zipo. Mimi nilirudia mara tatu.

Mwenye akiba kubwa atumie pochi ya funguo tatu, ambayo haitoi mpaka zipatikane mbili. Zangu ziko miji mitatu, na sitaitaja. Pamoja na kila ufunguo hifadhi nakala ya mpangilio wa pochi, yaani faili inayoeleza funguo hizo tatu zinavyounganishwa, la sivyo siku ya kuirudisha utahangaika.

Wakija na panga, toa ile pochi ya kutoa. Usibishane, usipigane, watoto wako ndani.

Mimi na mke wangu tuna swali letu la jikoni. Nikimpigia simu nikaliuliza, anajua nimebanwa: anakata, anapigia polisi 999. Wakishaondoka, tengeneza maneno mapya kwenye kifaa kingine usiku huohuo, uhamishe kilichobaki, hata kama unadhani hawakuona kitu.