Kabla hujarusha mbolea ya yurea kwenye nyasi za ng'ombe

Pima udongo kwanza. Ukiwa na asidi nyingi, tia chokaa miezi kadhaa mapema, tena usirushe yurea juu ya chokaa mbichi. Ng'oa magugu. Mbolea iwekwe siku chache baada ya kukata, machipukizi yakishatokeza.

Piga hesabu kwa kilo za naitrojeni, kirutubisho chenyewe kilichomo kwenye mbolea, usihesabu mifuko. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Wa CAN, mbolea nyingine, yenye naitrojeni asilimia 26, una kilo 13 tu. Ukilinganisha bei bila kujua hilo utapunjika.

Sasa mvua, na hapa nisikilize vizuri. Msimu wangu wa kwanza wa nyasi aina ya Boma Rhodes huku Nakuru, nilikata nyasi, usiku yakaanguka manyunyu. Asubuhi nikaona udongo umelowa, nikaona ndio wakati. Nikarusha mifuko mitatu kwenye ekari mbili. Jua likawaka siku tisa mfululizo. Siku ya tatu nikipita shambani nikasikia harufu kali, ile ya banda la kuku lisilofagiliwa, na sikujua kwamba ni mbolea yangu inapaa. Yurea ikishalowa huvunjwa na kimeng'enya kilichomo kwenye udongo na masalia ya majani, ikawa amonia, nayo ni gesi. Umande na manyunyu yanatosha kuiyeyusha, hayatoshi kuizamisha. Nyasi zilitoka za manjano, marobota hayakufika nusu ya niliyotarajia, na Januari nikawa nanunua nyasi kavu kwa watu huku ng'ombe wangu wakipungua maziwa.

Kwa hiyo ngoja mvua ishike, ile ya milimita 10 au zaidi, na urushe ikiwa karibu kunyesha. Mvua isipoeleweka, nunua CAN. Haipotei hewani kiasi hicho. Mvua ya mafuriko nayo iogope, huichukua naitrojeni chini kupita mizizi. Gawa mbolea, kidogo baada ya kila mkato.

Ukishaweka, usikate kabla ya wiki tatu au nne, hasa mvua ikija baada ya ukame. Naitreti, yaani naitrojeni ambayo nyasi zimeifyonza, hujaa kwenye mashina, na ng'ombe akizidiwa damu yake hugeuka kahawia. Ukimwona anahema kwa shida, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mifuko mitupu isiachwe wailambe. Na yurea usiiweke chumba kimoja na chumvi ya ng'ombe: zote nyeupe, na mtoto unayemtuma hawezi kuzitofautisha.