Taa za tela zikifanya vituko, anza na ethi

Ukikanyaga breki indiketa za tela nazo zikawaka, au ukiwasha indiketa ya kushoto taa zote za nyuma zikapepesa kwa unyonge, usikimbilie kubadilisha balbu. Mara nyingi tatizo ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia chasisi. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi, hujipenyeza kupitia balbu nyingine.

Kwenye soketi ya duara ya pini 7 ya Ulaya, ya volti 12, ethi ni pini namba 3, waya mweupe. (Ila kuna mafundi wanaounga waya wowote uliobaki gereji, kwa hiyo pima kwa mita, usiamini rangi.) Ufuate mpaka unapofungwa kwenye chasisi ya gari. Kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu yake. Usitegemee ile ndoano ya kuvutia tela ipitishe ethi. Ina grisi na inachezacheza. Kila taa ya tela iwe na waya wake wa ethi.

Kwenye gari la kisasa ambalo taa zake zinasimamiwa na kompyuta, usiunge tela moja kwa moja kwenye waya wa taa ya nyuma. Weka relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zenye fyuzi yake, zichukue umeme kwenye betri.