Somo: Ziba bomba la hewa kwanza, kusafisha baadaye

Kila mara naulizwa bei ya kusafisha mabomba ya kiyoyozi cha nyumba nzima. Swali langu huwa moja: umekagua kama hayana matundu? Bomba lililotoboka ukilisafisha leo, wiki chache tu vumbi limerudi, maana halikuzaliwa humo. Linavutwa kutoka juu ya dari.

Elewa hili kabla hujashika bisibisi. Kuna mabomba yanayopeleka hewa vyumbani na kuna yanayoirudisha kwenye mashine. La kupeleka likiachia, unapoza dari badala ya chumba. ENERGY STAR, mpango wa serikali ya Marekani, unakadiria kwamba nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mabomba kwa sababu ya matundu na maungio mabovu. Ni hasara ya mfuko. La kurudisha ndilo la kukohoza watu, kwa sababu lenyewe linanyonya: vumbi, nyuzi za sufi ya kioo (ile inayofunikia mabomba kuzuia joto), mavi ya panya yaliyokauka, na moshi wa gari kama bomba limepita gerejini. Ukiwa na nusu siku tu, anza na hilo.

Vifaa: tochi, barakoa nzuri, glavu, miwani, skrubu fupi za bati, masitiki ya mabomba ya hewa (uji mzito wa kuzibia) na brashi ya kutupa, wavu wa nyuzi za kioo, tepu ya foili, vibana vya plastiki, na kijiti cha udi. Ile tepu ya kitambaa ya rangi ya fedha, ambayo Kiingereza kimeipa hata jina la mabomba haya (duct tape), iache kabatini. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani waliijaribu pamoja na vizibio vingine, na matokeo yakatoka mwaka 1998: kwa joto na baridi za kupokezana, hiyo ndiyo iliyoachia vibaya kuliko vyote.

Hatua ya 1: Zima na tazama. Zima kwenye swichi kuu, si kwa rimoti. Kama nyumba ni ya zamani na maungio yamezungushiwa kitu cheupe kama karatasi nene au plasta, usikikwangue wala kukikata. Huenda ni asbesto. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa vyake.

Hatua ya 2: Tafuta tundu. Washa feni tena, washa udi, upitishe polepole kando ya maungio. Bomba la kupeleka litausukuma moshi, la kurudisha litaumeza. Usipoteze muda katikati ya bomba. Angalia kwenye kona, linapoingia kwenye boksi la mashine, na linaposhuka kwenye tundu la dari la kutolea au kuvutia hewa.

Kuna nyumba nilipanda darini mara mbili nikashuka mikono mitupu. Mara ya tatu nikaona doa la kijivu, ukubwa wa kiganja, juu ya sufi karibu na kona. Sufi huchuja hewa inayopenya, kwa hiyo uchafu hubaki pale pale penye tundu. Nikaifunua: kiungo kimeachana upana wa kidole, hakuna skrubu hata moja, na tepu ya kitambaa imekauka, imejikunja kama gome la mti. Tangu siku hiyo doa ndilo ninalolitafuta kwanza, udi baadaye.

Hatua ya 3: Bomba la bati. Zima tena. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke. Sukuma kiungo kikae, kisha kaza skrubu zisizopungua 3 kwa umbali sawa kuzunguka bomba. Hapo ndipo upake masitiki, unene wa milimita 2 hivi, ivuke ukingo pande zote mbili. Watu wengi huipaka kama rangi ya ukuta, nyembamba, halafu inapasuka. Mwanya unaozidi milimita 6 uwekee wavu kwanza, uuzamishe ndani ya masitiki. Tundu kubwa linataka kiraka cha bati. Soma kopo ujue muda wa kukauka, ndipo urudishe sufi.

Hatua ya 4: Bomba laini la kukunjika. Lina ngozi ya ndani yenye waya, sufi, na ngozi ya nje. Ikichanika ya nje peke yake, foili inatosha, lakini usichelewe: unyevu ukifika kwenye ngozi baridi ya ndani, bomba linatoa jasho, dari inapata doa, na paa linasingiziwa kuvuja. Ya ndani ikichanika, usibandike kiraka. Kata pale pale, ingiza kipande cha bomba la bati, vuta ngozi ya ndani juu yake kama sentimita 5 kila upande, paka masitiki, kaza kibana, kisha rudisha sufi na ngozi ya nje. Lililotafunwa na panya au lililolowa sufi, badilisha lote. Likining'inizwa lisilegee wala kuvunjika kona, na utumie mkanda mpana. Waya mwembamba hulibana koo.

Hatua ya 5: Jaribu. Udi tena, chujio jipya. Kama ndani kuna hita ya gesi yenye bomba la moshi, funga king'ora cha kaboni monoksidi na umwite fundi apime. Bomba la kurudisha lenye tundu karibu na hita linaweza kuvuta moshi ule urudi chumbani.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kwa hiyo kusafisha ni kazi bure?*
Si bure, ila si desturi ya kila mwaka. Hata EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, haishauri hivyo. Safisha ukiona kuvu kwa macho, panya au wadudu, au taka zinazotoka kwenye matundu ya hewa ya vyumbani. Sufi iliyolowa ikaota kuvu haisafishiki, inatolewa.

*Mwanangu ana pumu. Niweke chujio kali kabisa?*
Pole, ndugu. MERV ni kipimo cha ukali wa chujio; MERV 13 ni nzuri kama feni inaimudu, soma kwanza kitabu cha mashine. Isipoimudu hewa inapungua na koili, sehemu ya mashine inayopoza hewa, inaweza kuganda barafu. Kikubwa usinunue mashine ya kutoa ozoni ukidhani inasafisha hewa. Ozoni inawasha mapafu, na kwa mwenye pumu ni balaa.

*Weusi kuzunguka tundu la dari ni kuvu?*
Mara nyingi ni vumbi linalopita kwenye mwanya kati ya fremu na dari. Futa, ziba mwanya, subiri. Ukirudi pamoja na unyevunyevu, pima unyevu wa nyumba: uwe chini ya asilimia 60, na ukiwa kati ya 30 na 50 ndiyo vizuri zaidi.

*Silikoni ya bafuni inafaa?*
Kwenye huo mwanya wa fremu na dari, sawa. Kwenye maungio ya bomba, hapana.

*Shikamoo fundi. Nimepitisha udi jana, mabomba yote mazima, ila moshi unaingia kwenye mlango wa chujio.*
Marahaba. Basi umelipata tundu lako. Hapo usipake masitiki, maana utaufungua kila ukibadilisha chujio. Nyoosha bati la mlango likae sawa, kisha zungusha foili. Ukiufungua, bandika mpya.