Kiatu cha mashindano chenye bamba la kaboni kwa bei nafuu
Anayetafuta kiatu cha mashindano ya mbio chenye bamba la kaboni ndani ya soli kwa bei nafuu aanze na toleo lililotangulia, kwa kuwa bei yake hushuka toleo jipya linapoingia sokoni, ilhali tofauti baina yao mara nyingi ni ndogo. Achunguze povu la soli kabla ya bamba lenyewe: povu la PEBA, aina ya plastiki inayonepa, ni jepesi na hurudisha nguvu zaidi kuliko EVA, povu la kawaida la viatu vya kukimbilia, na hapo ndipo viatu vingi vya bei ya chini hupunguziwa gharama. Akishafunga kamba, asimame kwa mguu mmoja, kisha akimbie na kukata kona, kwani kisigino kinachoyumba dukani kitayumba zaidi miguu ikichoka. Kwa mashindano ya barabarani, World Athletics, shirikisho la riadha duniani, hairuhusu soli yenye unene unaozidi milimita 40.